Usiwashe Kitu Mpaka Niseme

Bigwa, Morogoro
Jumapili, 2 Februari 2025

Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Natumaini hapo Turiani mko wazima na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi tunamshukuru Mungu, tupo, ingawa kuwepo kwetu siku hizi ni kwa kukaa karibu na mlango. Mwanaheri amerudi shule, mwalimu wake amempa madaftari mengine. Mama tumempeleka Kinole kwa ndugu zetu kwa sababu amekataa katakata kulala hapa. Anasema nyumba ikiacha kunuka moshi aitwe, atashuka mlima siku hiyo hiyo. Unamjua dada yako. Pua yake ndiyo hakimu, na haina rufaa.

Nimekupigia simu tangu siku ya pili baada ya moto. Inaita mpaka inachoka. Nikasema basi, niandike, nimpe Yakobo, konda wa basi la Turiani, barua na boksi pamoja.

Habari za moto wenyewe najua zimeshakufikia. Ulianzia chumba cha nyuma tarehe 19 Januari mchana, tulikuwa uani tunachambua mchele. Chumba kile kimebaki kuta. Sebuleni moto haukufika, majirani waliuwahi kwa ndoo na mchanga, lakini moshi ulifika kila mahali. Uliingia mpaka kwenye sukari.

Sasa shida yangu. Redio, TV na friji vimepona kwa macho tu. Vinanuka. Juzi nilijipa moyo nikachomeka redio. Ilipoanza kupata joto, harufu ya siku ile ikatoka ndani yake, ile ile, na Mwanaheri akatoka nje mbio na kijiko mkononi na ubwabwa mdomoni. Alikaa kwenye tofali mpaka magharibi. Tangu hapo sijachomeka kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo tulivyo. Bila friji sina barafu wala juisi ya kuuza, na bila kutoa harufu mama harudi. Wewe ni fundi, niambie la kufanya. Redio nimeitanguliza kwenye boksi.

Kuhusu chanzo cha moto watu wanasema mengi. Sitayaandika.

Mpwa wako,
Mwanahawa

*

Turiani
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpwa wangu Mwanahawa,

Marahaba. Hapa hatujambo. Kikohozi kinakwenda kinarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Mama wadogo wa Mwanaheri wa huku wanamsalimu, na mimi nampa pole kwa kukatishwa ubwabwa. Simu yangu sauti haifiki vizuri, ndiyo maana. Kalamu ni bora, mtu unasema unachotaka.

Redio nimeifungua. Ndani ni kama chungu cha jikoni. Nikueleze, maana watu wengi hukosea hapa wakaua vitu vyao. Masizi si uchafu wa kufuta kwa kitambaa. Yana chumvi na mafuta ya kila kilichoungua, godoro, mapazia, ndoo za plastiki. Yakikaa juu ya saketi yanaila polepole, na umeme ukipita unaweza kuvuka juu yake kwenda usikotakiwa. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa kuchomeka. Hukujua, nimesamehe.

Kazi yenyewe ni hii: kufungua, kupuliza vumbi, kupiga brashi laini, halafu spiriti kwa pamba, kidogo kidogo, kila mguu wa kila kifaa. Spika ya karatasi hunywa moshi, hiyo hung'olewa. Mwisho kitu hufungiwa ndani ya boksi na vipande vya mkaa kwa wiki nzima ili mkaa unywe kilichobaki.

Usione namsikiliza sana dada yangu na pua yake. Ana haki. Harufu ya zamani ndani ya nyumba ni kelele, na penye kelele huwezi kusikia mwizi akivunja mlango. Lazima nyumba inyamaze kwanza ndipo ujue kama kuna moshi mpya.

Niletee TV na friji pia. Usiwashe kitu mpaka niseme. Na ukitoka nyumbani, zima swichi kubwa ya ukutani. Ni tabia nzuri tu.

Nani aliwarudishia umeme? Alifungua boksi la fyuzi? Si jambo muhimu, nauliza tu.

Mjomba wako,
Hatibu

*

Bigwa
Jumatano, 26 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mfungo unagonga hodi na sisi hatujajua hata futari tutapikia wapi, jiko bado lipo uani chini ya bati. Mama kanituma nikwambie baridi ya Kinole inamwingia kifuani. Mwanaheri amepata nafasi ya tatu darasani, anataka ujue.

Redio ilifika na haikunuka hata kidogo, Mungu akubariki mikono. Nilifurahi nikaona niikamilishe. Nikawasha chetezo, nikatia udi na ubani kidogo, nikaifunika redio kwenye kapu juu yake kama tunavyofukiza nguo za harusi, nikaizungushia kanga moshi usitoroke. Nusu saa nzima. Ilitoka inanukia kama bibi harusi. Siku ya pili ikaanza kukwaruza, na ya tatu ikatoa harufu ya sukari inayoungua. Nimeichomoa. Yakobo anakuletea pamoja na TV. Friji itakuja Jumamosi na gari la mchele.

Umeuliza nani alirudisha umeme. Ni fundi wa hapa mtaani. Alikata upande wa nyuma wote, upande wa mbele akasema uko salama kwa kuwa taa zinawaka. Alisema na neno moja kuhusu fyuzi ya nyuma. Nitakwambia tukionana.

Mwanahawa

*

Turiani
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na swaumu njema. Mwambie Mwanaheri mimi darasa lile nilikuwa wa mwisho na bado nakula, kwa hiyo wa tatu ni mbali sana. Asilegeze.

Sasa Mwanahawa, niliifungua redio yako saa tano asubuhi, nimefunga, sijanywa hata maji, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Mimi nimetumia siku tisa kutoa moshi, wewe umetumia nusu saa kuurudisha, tena moshi wa bei. Udi ni utomvu, mwanangu. Nguo inaupenda, saketi haiupendi. Umeipaka nta juu ya kila mguu, na vumbi limeganda hapo kama kashata. Mama yako angefanya hivyo hivyo, na bibi yako pia, kwa hiyo sikulaumu wewe, nalaumu ukoo mzima wa wanawake.

Nimeisafisha upya. TV nimeianza. Friji imefika. Milango nimeiosha kwa magadi na ndimu lakini raba zake zimeshiba moshi, nitatafuta nyingine.

Usifukize kitu chochote chenye waya. Kabisa. Na mapazia na kuta pia acha udi kwa sasa, tusije tukachanganya harufu. Usiwashe kitu mpaka niseme.

Hatibu

*

Bigwa
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa sikukuu iliyokupita dukani. Yetu ilikuwa ya watu wawili. Nilipika pilau sufuria ndogo, tukala uani, Mwanaheri akauliza kwa nini bibi hayupo wakati nyumba haikuungua yote. Mama anakohoa, mjomba. Walionipigia kutoka Kinole wanasema hata usingizi hapati sawasawa, na kila wakimwambia wampeleke kwa daktari mjini anajibu kwamba mjini ana nyumba yake, aitwe kwenye nyumba yake.

Nimepaka kuta chokaa mara mbili. Nimefua mapazia mpaka maua yameondoka. Vyombo vyangu vyote uliniambia nivilete, umevinyamazia. Redio, TV, friji. Miezi miwili. Barua yako haikutaja siku ya kuvirudisha. Raba ya mlango wa friji inatafutwa mpaka lini?

Kuna jingine linalonitisha. Siku tatu mfululizo wiki iliyopita sikusikia harufu yoyote. Ungedhani nilifurahi. Niliogopa kuliko mwanzo. Nilijiuliza, imetoka kweli au pua yangu imezoea? Nikamwita Rashmi, yule mwenye gesti pale mjini, anayenisaidia siku hizi. Akasimama katikati ya sebule akavuta pumzi akasema hakuna kitu, nyumba inanuka chokaa tu. Nikalia, mjomba, kwa raha.

Basi juzi jioni ikarudi. Si ya mchana, ni ya jioni tu, kama saa moja hivi, halafu inapotea. Hakuna redio, hakuna TV, hakuna friji. Vyote viko kwako. Sasa kinachonuka ni nini?

Sijafukiza udi. Nakuapia.

Mwanahawa

*

Turiani
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua huku imeshikilia, barabara ni uji. Dada yangu nimemtumia dawa ya kifua na asali kwa mtu anayepanda Kinole, usiniambie kwamba nimemsahau.

Kuhusu harufu ya jioni, mimi najua. Jioni watu wanapika, unyevu unapanda, na kila kilichonywa udi mwezi wa pili kinaupumua. Makochi yale. Ukiapa sawa, huenda hukufukiza juzi, lakini ulifukiza. Au Mwanaheri anachezea chetezo. Toa makochi nje jua likiwaka, utaona.

Kuhusu vyombo, vipo tayari na havipo tayari. Nina sababu zangu. Umeniandikia kama mtu anayedai mzigo wake kwa mpakiaji, na mimi ni mjomba wako. Nikisema subiri, subiri. Nyumba ikae bila kitu kizito kwenye umeme, taa zinatosha. Hukosi kitu.

Zima swichi kubwa ukitoka. Usiwashe kitu mpaka niseme.

Yule fundi wa mtaani, alisema nini? Hapana, acha. Usiniandikie.

Hatibu

*

Bigwa
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kama niliandika kwa ukali. Dawa imefika kwa mama, asali pia, ameisifu asali tu. Mwanaheri yuko likizo, anashinda nyumbani.

Nina jambo sikukwambia, na leo nakwambia kwa sababu naogopa kuliko ninavyokuogopa wewe.

Friji ilipokawia nilitafuta kazi nyingine. Rashmi ananipa mashuka ya gesti yake, nafua asubuhi, napiga pasi jioni, na pasi ni yake. Nilijua utakataza. Lakini pasi ile haikuwepo kwenye moto, haijanusa moshi hata kidogo, nikaona katazo lako haliihusu. Mashuka ishirini mpaka thelathini kwa jioni moja. Mwanaheri ananisaidia foronya. Nikirudi kutoka mjini mchana, siku nyingine nakuta ameshaanza peke yake, ni mtoto mwenye huruma, anaona nimechoka. Simu hata kuichaji hapa naogopa, naiacha kwa Rashmi.

Makochi nimeyaanika siku nne. Harufu bado inakuja, na imebadilika. Jana nilikuwa kwenye shuka la kumi hivi, Mwanaheri akaingia kutoka uani akaniuliza, "Mama, leo tunakula samaki?" Nilikuwa nimepika mchicha. Nikanusa. Ni kweli, mjomba. Harufu ya samaki aliyesahauliwa kwenye kikaango. Nikaenda kwa jirani, hakuna aliyekaanga kitu. Nikarudi nikafuata pua yangu ukuta kwa ukuta mpaka pale kwenye boksi la fyuzi, ndipo inaponuka zaidi. Nilizima pasi, baada ya muda ikaisha.

Si moshi. Si udi. Hakuna samaki ndani ya ukuta. Watu wengine wangekwenda kwa shehe. Mimi naandika kwako. Ni nini?

Mwanahawa

*

Ndani ya basi, Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mwanahawa,

Barua yako ya Jumanne imenifikia leo saa tatu na nusu. Yakobo anasema maji yalikata barabara, ililala siku tatu kwenye begi lake. Niliposoma neno samaki niliacha duka wazi.

Nimepiga simu yako. Amepokea Rashmi, akasema inachajiwa, wewe umepita sokoni, mtoto yuko nyumbani. Nimemwambia aende yeye, sasa hivi, azime swichi kubwa na amtoe mtoto. Alinielewa au hakunielewa sijui, nilikuwa napiga kelele na basi linapiga honi. Tangu hapo simu haipatikani. Sijui kama nyumba ipo. Kila tukisimama kupakia mtu natamani nishuke nikimbie.

Naandika kwenye goti kwa sababu najijua. Nikifika nikakuona uso, nitanyamaza tena.

Harufu hiyo si samaki. Ni plastiki ngumu ya boksi la fyuzi inapikwa na joto. Kila fundi anaijua. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue, ule waya wake mwembamba ndio unaojitoa mhanga. Mwaka juzi uliniambia fyuzi inakatika kila jioni na barafu zinayeyuka. Mimi ni fundi wa redio. Umeme wa nyumba sikusomea. Lakini kwa watu wa kwetu anayefungua redio basi anajua kila chenye waya, na mimi niliona raha kuitwa fundi wa vyote. Nikaweka waya mnene ambao haukatiki. Mkanisifu. Mama yako akanichinjia kuku.

Fyuzi zilikuwa mbili, Mwanahawa. Ya nyuma na ya mbele. Niliweka zote mbili.

Niliposikia moto umeanzia nyuma nilijua. Ndiyo maana sikupokea simu. Ndiyo maana vyombo vyako sivirudishi, ni visafi tangu mwezi wa tatu, vimefunikwa shuka kule dukani. Nilidhani nisipovirudisha hutakuwa na cha kuchomeka, na waya wa mbele utalala usingizi mpaka nipate njia ya kuja kuubadilisha bila mtu kujua. Nilikuficha ukaenda kutafuta pasi.

Tunaingia Dakawa. Mungu amuweke mtoto.

Hatibu

*

Bigwa
Jumamosi, 3 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tumeamka salama. Naanza na hilo kwa sababu juma zima nimekuwa nikiamka na kuhesabu: mimi, Mwanaheri, ukuta.

Ulifika saa nane ukanipa karatasi yako bila kunitazama, ukafungua boksi, ukamwita yule fundi mwenye leseni kutoka mjini, ukasimama nyuma yake mikono mgongoni kama mtuhumiwa. Alipotoa kile kishikio cha fyuzi ya mbele kimeyeyuka na kuwa cheusi, akauliza nani amefanya hivi, ulisema, "Ni mimi." Zaidi yangu, ni fundi huyo tu aliyesikia. Halafu ukaondoka. Chakula kilikuwa mezani, mjomba. Mwanaheri alikufuata mpaka barabarani.

Hukusubiri nikwambie tulivyowahi, kwa hiyo soma. Nimetoka sokoni na tenga la nyanya, nakata kona ya nyumbani, namwona Rashmi amesimama uani peku. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga hata tope la gesti yake. Mkono mmoja kamshika Mwanaheri, mwingine kashika pasi, waya unaburuta chini. Bajaji yake ipo mlangoni inaunguruma. Mwanaheri ndiye aliyesema. Alikuwa kwenye foronya ya sita, ile harufu ikaja, na safari hii ukutani palikuwa panalia kama mafuta kwenye kikaango. Akafikiri akimaliza haraka itaacha. Kwa hiyo akaongeza moto wa pasi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda nje kwanza ndipo nikarudi.

Sasa na mimi nina cha kusema. Yule fundi wa mtaani alinionyesha, mwezi ule wa Januari, waya aliotoa kwenye fyuzi ya nyuma. Mnene kama msumari. Aliniambia, "Dada, aliyeweka hiki ndiye aliyechoma nyumba." Nilijua ni wewe. Nilikuwepo ukiuweka, nilikushikia tochi. Na mimi ndiye niliyekulilia kuhusu barafu. Nilijua tangu siku ya tatu, na nikakuandikia barua nne za harufu na raba na udi. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe, maana kwetu mjomba haulizwi. Mjomba ndiye anayetuozesha na kutuzika. Nani atasimama amwambie umekosea?

Kumbe kama ningeuliza mwezi wa pili, neno moja tu, ungelazimika kunijibu kwamba ziko mbili. Wewe ulificha kwa aibu na mimi nikakufichia kwa heshima, na mtoto akabaki katikati anapiga pasi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa karibu tumpoteze tuliyemzaa.

Sina hasira, au ninayo ila imechoka. Msamaha nimekupa, na nitakupa tena mbele ya mama. Lakini heshima ya kunyamaza imekwisha leo. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu. Mtaa huu wote ulikuwa unakuita fundi. Baada ya kwetu nilikuona ukipita na bisibisi yako kwa watu wengi, na kila nyumba wakisema fyuzi zao sasa hazikatiki.

Nyumba ngapi, mjomba?

Mwanahawa

*

Turiani
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mpwa wangu Mwanahawa,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya tatu sikuweza.

Ni kumi na moja.

Nimekaa siku mbili kuzikumbuka, nimeziandika kwenye jalada la daftari la duka. Tisa ziko Bigwa na wenyewe unawajua wote. Ya kumi ni ya mwalimu wa madrasa aliyehamia mjini. Ya kumi na moja iko Kinole. Ndiyo hiyo anayolala mama yako.

Soma polepole. Nimeshapiga simu. Wamezima swichi kubwa nikiwa kwenye laini, nimewasikia wakipapasa kutafuta tochi. Hawana friji wala pasi, taa tatu tu, na hivyo ndivyo nilivyojidanganya miezi hii yote kila nilipokumbuka kwamba tumemtoa dada yangu kwenye waya wangu tukampeleka kwenye waya wangu. Walipouliza kwa nini, niliwaambia. Kisha akachukua simu mama yako mwenyewe, akasema, "Hatibu, njoo unichukue," akakata.

Wale tisa wa Bigwa wengi sina namba zao, na haya si maneno ya kumpa mtu kupitia kwa mtu. Nimefunga duka. Barua hii Yakobo anakuletea leo, mimi nakuja kesho na basi la kwanza, na yule fundi wa leseni amekubali kuzunguka na mimi nyumba kwa nyumba mpaka ziishe. Yeye atatoa waya. Kusema ni kazi yangu.

Nimewahi kuingia kwenye nyumba hizo zote napokelewa na chai. Sasa nitabisha hodi niseme mnalala juu ya moto, na mimi ndiye niliyeutandika. Wengine watanifukuza kabla sijafika kwenye boksi, na boksi litabaki vile vile. Wewe wanakuamini, na wameiona nyumba yako. Kwetu mpwa ndiye anayekwenda nyuma ya mjomba, najua, lakini kesho naomba utangulie.

Naogopa, mwanangu. Nisindikize.

Hatibu